Kondoo na ng'ombe hawali klova moja

Mhariri,

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakusema lolote kuhusu mchagua mbegu, na kwa klova nyeupe, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, hapo ndipo mambo huharibikia. Mfugaji wa Kinangop, Molo au Mau Narok huingia duka la pembejeo akaomba "klova", akapimiwa nusu kilo kutoka kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa, akaimwaga malishoni mvua za masika zinapoanza. Mwaka wa kwanza majani hujaa. Mwaka wa pili yanapungua. Wa tatu hakuna kitu, na jirani zake wote wanaambiwa kwamba klova haistahimili kondoo. Inastahimili. Ila aliyouziwa huenda ilikuwa ya kukatwa na kulishwa ng'ombe wa maziwa, au ilipandwa bila bakteria wake wa kuivutia naitrojeni, au ilifunguliwa kondoo mwezi mzima bila kupumzishwa. Mara nyingi ni yote matatu.

Tuanze na jani, maana ndilo linaloamua. Klova nyeupe, Trifolium repens, hugawanywa katika aina kwa ukubwa wa jani. Zenye jani kubwa ni ukoo wa Ladino uliotoka Italia, pamoja na uzao wake kama Regal ya Marekani. Zenye jani la wastani ni kama Huia ya New Zealand, ambayo imesambaa duniani kuliko karibu zote. Zenye jani dogo ni kama S184 ya Wales, klova mwitu ya Kent huko Uingereza, na Tahora, ambayo watu wa New Zealand waliitengeneza kwa ajili ya kondoo wa milimani.

Tofauti yao si ya sura tu. Klova nyeupe haikui kwa kwenda juu, inatambaa. Shina lake hulala juu ya udongo na kila kifundo kikigusa unyevu hutoa mizizi, jani na, kikipata mwanga, tawi jipya. Uhai wa mmea wote umo katika hilo shina. Jani kubwa hubebwa na kikonyo kirefu na shina nene, lakini mashina yenyewe huwa machache na yako mbalimbali. Ng'ombe hukata kwa ulimi, huacha kimo cha sentimita saba au nane, na shina hubaki salama. Kondoo ana mdomo mwembamba na mdomo wake wa juu umepasuka katikati, kwa hiyo huweza kuchuma chini kabisa na kwa kuchagua. Kwenye klova ya jani kubwa humaliza majani yote na kung'oa ncha za mashina. Klova ya jani dogo ina mashina membamba mengi yaliyosukana kama mkeka. Kondoo hula majani, lakini ncha nyingi zinazokua humponyoka.

Bei ya usalama huo ni mavuno. Jani dogo hutoa chakula kidogo kwa mwaka kuliko jani kubwa, na muuzaji hatakosa kukuonyesha takwimu za kilo kwa ekari zinazopendelea jani kubwa. Takwimu hizo hupatikana kwenye mashamba ya kukatwa. Ukifungulia kondoo wako malisho yale yale wiki baada ya wiki, chukua jani dogo. Ukiwa umeyagawa malisho vitalu na unawahamisha, jani la wastani litakupa zaidi. Njia iliyo bora kwa wengi wetu ni kuchanganya theluthi mbili za jani la wastani na theluthi moja ya jani dogo: moja inalisha sasa, nyingine inabaki pale usimamizi unapolegea, kwa sababu hakuna mfugaji asiyelegea. Jani kubwa liachie mwenye ng'ombe.

Jambo la pili ni mzizi, nalo ndilo linaloeleza kifo cha mwaka wa pili au wa tatu. Mche wa klova nyeupe huanza na mzizi mkuu unaoshuka chini vizuri. Mzizi huo haudumu; baada ya mwaka mmoja au miwili hufa, na kuanzia hapo mmea hutegemea mizizi mifupi ya kwenye vifundo vya shina, ambayo iko katika sentimita chache za juu za udongo. Klova iliyovuka kiangazi cha kwanza bila shida inaweza kuteketea katika kiangazi cha Januari na Februari cha mwaka wa tatu, na mwenye shamba akadhani kuna ugonjwa. Hakuna ugonjwa. Udongo wa juu ulikauka, nyasi zilikuwa zimekwisha kuliwa hadi mzizi, jua likaunguza mashina yaliyo wazi. Anayeingia Januari na kimo cha sentimita sita au saba za nyasi juu ya klova yake huwa ameiwekea mwavuli.

Kwa sababu hiyo hiyo, klova nyeupe ina mipaka ya mahali. Chini ya mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, au mahali penye mvua chini ya milimita 900 kwa mwaka, usitupe pesa. Kinangop, Ol Kalou, Molo, Mau, miinuko ya Elgon, na kwa jirani zetu Makete, Njombe, Kabale na Mugamba ya Burundi, hapo kuna baridi na unyevu unaofaa. Mwenye kondoo aina ya Dorper kule Laikipia kavu au kondoo wa kienyeji Kajiado atafute jamii ya kunde nyingine, kama siratro au stailo, kulingana na joto lake.

Kuna klova nyingine ambayo magazeti yetu yameisahau, ilhali ni ya kwetu. Trifolium semipilosum, klova nyeupe ya Kenya, huota yenyewe katika nyanda za juu za Kenya, Tanzania na Ethiopia. Waaustralia waliichukua, wakaichagua, na katika miaka ya 1970 wakaanza kuiuza kwa jina la Safari kwa ajili ya malisho ya nyasi ya kikuyu huko Queensland. Sisi tulioitoa tunapita juu yake barabarani tukienda kununua mbegu ya kigeni. Ina mzizi mkuu wenye nguvu unaodumu, juu ya mashina yanayotambaa, kwa hiyo kiangazi hakiiondoi upesi, na inavumilia kuishi na kikuyu kuliko ndugu yake wa Ulaya. Udhaifu wake ni kwamba huanza polepole. Miezi mitano ya kwanza huwezi kuamini kwamba umepanda kitu. Utaitofautisha kwa kidole: jani na kikonyo cha klova nyeupe ya kawaida ni laini kabisa, lakini ya Kenya ina vinyweleo. Zote mbili huweza kuwa na alama nyeupe yenye umbo la V kwenye jani, kwa hiyo alama hiyo isikudanganye.

Na hapa niseme jambo linalopotosha hata maafisa wa ugani. Klova huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria wa rizobia wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi, lakini kila jamii ya mmea ina bakteria wake. Unga wa rizobia ulioandikwa "maharagwe" haufanyi kazi kwenye klova. Wa soya haufanyi kazi. Wa lusani haufanyi kazi. Zaidi ya hapo, bakteria wanaofaa klova nyeupe ya Ulaya hawaisaidii klova nyeupe ya Kenya: vinundu huweza kutokea, lakini vikawa vitupu. Safari ilipopelekwa Australia ilibidi ipewe aina yake ya bakteria, CB 782. Anayepanda ya Ulaya kwenye shamba ambalo halijawahi kuwa na klova hiyo lazima apake bakteria; anayepanda ya Kenya mahali inapoota yenyewe huwakuta bakteria wake tayari udongoni, na akitaka uhakika atachukua udongo kilo chache chini ya mimea ya mwitu yenye afya, auchanganye na mbegu na mchanga wakati wa kupanda.

Kupaka ni kazi ya dakika kumi, na huharibika kwa mambo madogo. Kwa kilo moja ya mbegu, yeyusha kijiko cha chai cha sukari katika vijiko viwili vya chakula vya maji safi ambayo hayakutiwa klorini, lowesha mbegu nayo hadi zing'ae tu, nyunyiza unga wa rizobia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, geuza kwa mkono hadi kila mbegu iwe na vumbi jeusi. Ukiona zinashikana, nyunyiza chokaa laini ya shambani kidogo zitengane. Iwe ni chokaa ya mawe yaliyosagwa tu. Chokaa ya kupaka ukuta huunguza bakteria wote. Anika kivulini, panda siku hiyo hiyo, ikiwezekana jioni au siku ya mawingu, kwa kuwa jua la saa mbili tu hupunguza bakteria kupita kiasi. Usichanganye mbegu hiyo na mbolea ndani ya ndoo moja. Asidi ya mbolea ya fosforasi huwaua kabla hawajafika ardhini.

Wiki nane baada ya kuota, chimba mimea mitano kwa uangalifu, suuza mizizi, pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inafanyika. Kukiwa na weupe au kijani, una klova inayokula naitrojeni ya udongo kama nyasi nyingine yoyote, na hapo hakuna sababu ya kuwa nayo.

Thamani ya kazi hiyo ni hii. Katika malisho ya Uingereza yenye klova asilimia 30 hivi, makadirio ya kawaida ni kilo 150 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka, yaani kilo 60 na kitu kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN una kilo 13 za naitrojeni. Hesabu yake ni mifuko minne hadi mitano kwa kila ekari, kila mwaka. Sisemi kila shamba la Nyandarua litafikia kiasi hicho. Kiangazi chetu hukata miezi kadhaa. Hata nusu yake ni mifuko miwili ambayo hukuibeba kwenye bodaboda.

Udongo sasa. Klova hutaka pH, yaani kipimo cha asidi ya udongo, iwe kuanzia 5.8 hadi 6.5. Chini ya 5.5 aluminiamu hulegea udongoni ikachoma mizizi, na rizobia hawaongezeki. Sehemu nyingi za nyanda zetu za juu zina asidi, hasa zilizolimwa viazi kwa mbolea ya DAP miaka mingi. Pima kwanza. Chukua vijiti vya udongo kumi na tano hadi ishirini vya kina cha sentimita kumi na tano, ukitembea kwa mstari wa zigizaga, changanya kwenye ndoo safi, peleka nusu kilo kwa maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, iliyo karibu au nyingine inayoaminika. Tani moja ya chokaa kwa ekari ni kipimo cha kawaida pH ikiwa imeshuka kidogo tu. Matokeo ndiyo yakuambie. Ikichanganywa kwenye udongo uliolimwa, iweke mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda. Ikimwagwa juu ya nyasi zisizolimwa, iwe miezi sita kabla, kwa sababu hushuka kwa mwendo wa konokono. Wala usizidishe ukidhani chokaa haina madhara: chokaa nyingi huongeza molibdenamu kwenye majani, nayo huzuia kondoo kupata shaba, na wanakondoo huzaliwa wakiyumba miguu ya nyuma. Na wala usikimbilie kuwalambisha chumvi ya ng'ombe ili kurudisha shaba hiyo. Chumvi ya ng'ombe ina shaba ya kutosha kumuua kondoo polepole, ini likiharibika. Daktari wa mifugo apime damu kwanza.

Fosforasi ni lazima wakati wa kupanda. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya TSP kwa ekari unatosha kwa udongo ulio maskini kiasi. Wengi hutumia DAP kwa mazoea. Shambani palipolimwa upya haitaleta msiba, maana ni kilo tisa tu za naitrojeni kwa mfuko, lakini ukipanda klova ndani ya kikuyu iliyokwisha kusimama, hizo kilo tisa zote zitakwenda kwa kikuyu. Potasiamu husahauliwa. Mizizi ya klova ni mifupi na nyasi huishinda kuinyang'anya; ukiona madoadoa meupe kuzunguka kingo za majani yaliyokomaa, hasa mahali mnapokata majani na kuyabeba nje ya shamba, hiyo ndiyo njaa ya potasiamu.

Kupanda peke yake, klova tupu, sishauri. Magugu huingia, kondoo huvimba matumbo, na naitrojeni inayotengenezwa haina wa kuitumia. Kwenye shamba lililolimwa weka nyasi ya raigrasi ya kudumu kilo nane hadi kumi na klova kilo moja hadi moja na nusu kwa ekari. Ukidhani kilo moja ni haba, hesabu: kilo moja ya klova nyeupe ina mbegu zaidi ya milioni moja na nusu, ambazo kwa ekari ni zaidi ya 350 kwa kila mita ya mraba. Klova ikishindwa kuota, mara nyingi sababu ni kina kuliko uhaba wa mbegu. Mbegu ndogo kiasi hicho ina akiba ya kuchomoza kutoka kina cha sentimita moja, basi. Ukiifunika kwa jembe, umeizika. Nyasi ndefu kama Rhodes si mwenza mzuri wa klova ya kondoo. Huifunika kivuli, na kivuli huizuia kutoa matawi mapya kwenye vifundo.

Lakini wengi wetu hatuna shamba la kulima upya. Tuna kikuyu, na kikuyu haiombi ruhusa. Kuingiza klova humo kunawezekana, kwa utaratibu ufuatao. Mwezi Februari na Machi, laza kondoo wengi kwa muda mfupi hadi nyasi ishuke sentimita mbili au tatu. Hapo ndipo pekee ninaporuhusu kukwangua namna hiyo. Pitisha haro au reki nzito, au kwa eneo dogo jembe la meno, hadi theluthi hadi nusu ya udongo ionekane wazi. Mkeka wa mashina ya kikuyu usipopasuliwa mbegu itaota juu ya nyasi kavu na kufa siku ya kwanza ya jua. Subiri mvua ishike, maana mvua mbili za kwanza si mvua. Changanya kilo moja ya mbegu iliyopakwa bakteria na kilo kumi za mchanga mkavu au udongo laini, gawa mara mbili, mwaga nusu ukitembea kwa urefu na nusu kwa upana. Rudisha kondoo siku moja au mbili wakanyage, kwato zao ndogo hufanya kazi ya rola. Kisha watoe.

Sasa huja mahali wanaposhindwa wengi. Wanaiacha klova "ipumzike" miezi mitatu. Wakirudi, kikuyu iko magotini na chini yake hakuna kitu. Mche wa klova wenye majani matatu hauwezi kushindana na kikuyu iliyoshiba mvua. Nyasi ikifika sentimita nane hadi kumi, ingiza kondoo wengi kwa siku moja au mbili, ishuke hadi sentimita tano, watoe. Rudia kila inapofika kimo hicho. Watakula miche kadhaa, ndiyo, na bado utabaki na mingi kuliko ambayo ingesalia kivulini. Mwisho wa mwaka wa kwanza, ikiwa mvua fupi ni nzuri, acha malisho wiki tano hadi sita klova itoe maua na kuangusha mbegu kabla kiangazi hakijafika. Nyingi za mbegu hizo zina ganda gumu na zitaota katika misimu ijayo, jambo la thamani kubwa kwa klova ya Kenya. Ukikusanya mbegu ya mwitu mwenyewe, hilo ganda ndilo litakalokukwamisha: zisugue taratibu kati ya karatasi mbili za msasa laini hadi zipoteze mng'ao, bila kuzivunja.

Malisho yakishasimama, ukumbuke kwamba kondoo hapendi usawa. Majaribio ya Uingereza ya kumpa kondoo klova upande mmoja na nyasi upande mwingine yameonyesha kwamba hula klova takriban asilimia 70, asubuhi akianza nayo na jioni akielekea nyasi. Kwa hiyo mahali palipo na klova asilimia 20, kondoo atazunguka siku nzima kuitafuta hiyo 20. Ukimwacha siku zaidi ya tano katika kitalu kimoja msimu wa mvua, atarudia kuchuma jani jipya lililochipuka juzi, na akiba ya shina itakwisha. Vitalu sita, siku tano kila kimoja, kila kimoja hupumzika siku 25. Kiangazini ukuaji hupungua, hivyo pumzisha siku 35 hadi 40, hata kama ni kuwalisha nyasi kavu bandani. Ingia nyasi ikiwa na sentimita nane hadi kumi, toka ikiwa nne hadi tano. Kimo hicho cha kutoka kina faida nyingine: mabuu ya minyoo hukaa zaidi sehemu ya chini ya majani, na kondoo anayekwangua udongo hula minyoo pamoja na chakula.

Kiasi kinachotakiwa ni karibu asilimia 30 ya uzito mkavu kwa wastani wa mwaka. Macho hudanganya hapa. Jani la klova hulala wazi kama mwavuli na la nyasi husimama, kwa hiyo malisho yanayoonekana nusu klova nusu nyasi mara nyingi yana theluthi tu. Ukitaka uhakika, pinda waya upate mraba wa sentimita 50 kwa 50, utupe mahali pasipochaguliwa mara sita, kata yaliyo ndani, tenganisha, kausha kivulini, pima kwa mizani ya jikoni. Ikizidi nusu, punguza fosforasi na uache nyasi irefuke kidogo. Ikishuka chini ya asilimia 15, usiongeze mbegu kabla hujajiuliza kuhusu kimo na mapumziko. Na mfuko wa yuria ukiumwaga hapo ili "kuamsha" malisho, utaamsha nyasi. Klova huacha kutengeneza naitrojeni inapoikuta tayari udongoni, kisha hufunikwa.

Tumbo kuvimba ni hofu ya haki, ingawa kondoo huvimba kidogo kuliko ng'ombe. Hatari ni kondoo mwenye njaa kuingizwa kwenye klova changa yenye umande. Mshibishe nyasi kavu kwanza, ingiza saa nne umande ukikauka, siku za mwanzo kwa muda wa saa moja, kisha mbili, kisha tatu. Ukikuta ubavu wa kushoto umejaa kama ngoma na mnyama anahema, mnyweshe polepole mililita 50 hadi 100 za mafuta ya kupikia, kichwa kisiinuliwe sana yasije yakaingia mapafuni, msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu, mtembeze, na mwite daktari bila kusubiri asubuhi.

Kinachoua kimyakimya zaidi ni enterotoksemia, ile inayolainisha figo. Huchukua mwanakondoo mnono kuliko wote, aliyelala mzima na kukutwa amekufa tumbo limejaa. Chakula kitamu cha ghafla, klova ikiwemo, huwapa bakteria wa utumbo nafasi ya kuzaana na kutoa sumu. Chanjo hutolewa mara mbili, wiki nne hadi sita kati yake, kisha kila mwaka. Kwa kondoo jike anayetarajia, iwe wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ili kinga ipite kwenye dang'a. Tena, klova nyeupe isichanganywe na klova nyekundu kichwani mwa mfugaji. Nyekundu ina kemikali zinazofanana na homoni za jike, na majike wanaoila wakati wa kupandishwa huweza kukosa kushika mimba. Nyeupe inazo kidogo sana.

Jambo dogo la pembeni, maana nimeona picha katika magazeti zikilikosea: jani la vipande vitatu si lazima liwe klova. Oksalisi, gugu lenye uchachu wa ndimu ambalo watoto hutafuna, nalo lina vipande vitatu. Kipande chake kina umbo la moyo au mkia wa samaki, cha klova ni cha duara. Ling'oe, mara nyingi utakuta vitunguu vidogo chini. Lina asidi ya oksaliki na si chakula cha kondoo. Na ukitaka kulimaliza, usinyunyize 2,4-D, dawa ya magugu ile ile ya kwenye ngano. Itamaliza klova kwanza. Hata upepo ukiileta kutoka shamba la jirani anayepulizia shayiri, klova itajikunja.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kuhusu pakiti. Kurasa zenu za kilimo zikiandika bei ya mbegu za malisho mwezi Machi, ziandike pia jina kamili la aina, ukubwa wa jani, tarehe ya kupimwa uotaji na kama bakteria wa klova, si wa maharagwe, wanauzwa duka hilo. Mbegu iliyopimwa upya katika karatasi isiyo na jina haina njia ya kulaumiwa wala kusifiwa. Wasomaji nao wanaweza kujipimia: mbegu mia moja juu ya karatasi laini iliyoloweshwa, ndani ya sahani iliyofunikwa, mahali penye ubaridi wa kawaida wa nyumba. Hesabu siku ya kumi. Zikiota chini ya 80, ongeza kipimo kwa uwiano huo. Chini ya 50, irudishe dukani, na risiti uwe nayo.

Wenu,
Mfugaji wa kondoo,
Kinangop Kusini